Fundi mmoja, majina matatu: kisa cha "kontra ya huduma" Lubumbashi

Kisa hiki ni cha mfano, ila hakuna kipande chake ambacho mtu wa Lubumbashi atakishangaa. Tarakimu tumezifanya za mviringo ili hesabu ifuatike kwa kalamu na karatasi: dola moja ni franga 2,000 za Kongo, karibu na bei ya 2021 na 2022. Viwango vya kodi navyo ni vya miaka hiyo miwili. Anayehesabu mwaka mwingine atafute kwanza bareme (jedwali la viwango) ya mwaka wake.

Yaliyotokea

Fundi ni sudere: anachomelea mabomba na matangi. Anakaa Katuba na mke na watoto wanne. Kampuni ina karakana Kampemba, ina watu wasiofika 50, na inaishi kwa kazi za matengenezo inazopewa na mgodi mmoja wa njia ya Likasi.

Jumatatu tarehe 11 Januari 2021 fundi aliingia kama jurnalie, kibarua wa siku kwa siku, bila karatasi yoyote. Kazi ilikuwa 7:00 hadi 17:00 pamoja na saa moja ya kula, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi 7:00 hadi 12:00. Tarehe 1 Machi aliitwa ofisini, akatia sahihi "kontra ya prestation ya huduma", yaani mkataba wa kutoa huduma: miezi sita, dola 700 kwa mwezi kwa mkupuo, na kifungu kinachosema kwamba pande mbili zinakubaliana hakuna uhusiano wa kazi kati yao. Karatasi ileile ilirudiwa Septemba 2021, ikarudiwa tena Machi 2022. Kilichobadilika ni tarehe tu.

Kila mwisho wa mwezi alipokea dola 595 kwenye simu, pamoja na kikaratasi kidogo: honoreri (malipo ya huduma) 700, IPR (kodi ya mishahara) ya wafanyakazi wa kupita, 15%, yaani 105, inabaki 595.

Julai 2022 cheche ilimchoma mkono. Alilipa dawa mwenyewe, akakaa nyumbani siku nane za kazi. Mwisho wa mwezi kikaratasi kilionyesha 700 toa 8/26, yaani dola 215 zimetoka, kisha 15% juu ya kilichobaki. Mkononi zikamfikia 412.

Tarehe 31 Agosti 2022 mtu wa ofisi ya wafanyakazi alimwambia: "Papa, kontra imeisha. Weye uko prestatere, mambo ya preavi haikuangalie." Prestatere ni mtoa huduma; preavi ni notisi ya kuachishwa kazi.

Kikaratasi kinasema nini

Watu wengi wanaofika kuuliza ushauri wanakuja wameshika kontra. Sisi tunaomba kwanza kikaratasi cha malipo. Kontra imeandikwa na upande mmoja kwa utulivu, ikapimwa kila neno. Kikaratasi kinaandikwa na karani mwisho wa mwezi, haraka haraka, na karani hana muda wa kudanganya.

IPR ilikuwa kodi ya mishahara miaka hiyo. Mwenye kuikata alikuwa mwajiri, aliikata kwenye malipo ya mtu anayemfanyia kazi, na aliipeleka DGI, ofisi ya kodi ya serikali, kwa jina lake mwenyewe. Fakture (ankara) ya mfanyabiashara haikukatwa IPR. Kile kiwango cha 15% kwa mkupuo kiliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kupita, mtu anayeitwa siku mbili tatu kupakua lori, ambaye hakuna maana ya kumpigia bareme nzima na kuhesabu watoto wake.

Basi kwa miezi 18 kampuni iliiambia DGI: huyu ni mfanyakazi wetu, wa kupita. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, haikuambiwa kitu. Kwao fundi hayupo. Na fundi mwenyewe aliambiwa: weye ni mfanyabiashara, umekuja kutuuzia huduma. Dola 700 zilezile zina majina matatu, kila moja limechaguliwa kwa ajili ya ofisi ambamo linapunguza gharama. Mtu mmoja hawezi kuwa vyote vitatu kwa wakati mmoja, na kampuni yenyewe ndiyo iliyoweka ushahidi huo kwenye maandishi kila mwezi.

Sheria inaangalia mamlaka

Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, inaeleza kontra ya kazi katika kifungu cha 7: ni mapatano, ya maandishi au ya mdomo, ambamo mtu anajifunga kumfanyia mwingine kazi ya mikono au nyingine, chini ya uongozi na mamlaka yake, ya moja kwa moja au ya kupitia mtu mwingine, kwa malipo. Humo mna vitu vitatu: kazi, malipo, mamlaka. Viwili vya kwanza vipo hata ukimwagiza fundi wa mtaani geti la nyumba yako. Cha tatu ndicho kinachoamua.

Tumchukue huyo fundi wa geti, wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Unamwambia upana na urefu, anakutajia bei ya geti zima. Chuma ananunua yeye, mashine ni yake, anaweza kumtuma mdogo wake aje kupima. Akilala siku tatu, hasara ni yake; akichomelea vibaya, anarudia kwa umeme wake. Huyo ni mfanyabiashara hata kama hana karatasi moja ya serikali.

Fundi wetu alipiga pointaji (kuandikwa saa ya kuingia na kutoka) getini asubuhi na jioni. Shefu wa ekipe ndiye aliyemwambia leo ni tangi lipi. Mashine, baketi (vijiti) za kuchomelea, viatu, ovaroli yenye jina la kampuni, vyote vilitoka stoo. Akitaka kwenda matangani, alijaza karatasi ya kuomba ruhusa. Hakuweza kutuma mtu mwingine mahali pake, na hakuna siku aliyotaja bei ya kitu chochote.

Ila ushahidi mzito kuliko hayo yote ni ule mkato wa Julai. Malipo ya mkupuo hayana siku ndani yake. Anayeuza kazi kwa dola 700 anadaiwa kazi, hadaiwi siku. Karani alipogawanya 700 kwa 26 na kutoa nane, alifanya hesabu ya mshahara. Hesabu hiyo hakuna mtu anayeifanya kwenye fakture.

Milango miwili ya kontra isiyo na mwisho

Ukishakubali kwamba palikuwa na kontra ya kazi, linakuja swali la pili: ya muda au isiyo na mwisho? Hapa kampuni ilijifunga yenyewe mara mbili.

Mlango wa kwanza ni siku 22. Kifungu cha 40 kinasema kwamba kibarua wa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, kuitwa kwake tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha kunahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Tuhesabu pamoja. Kuanzia 11 hadi 15 Januari ni siku tano. Jumamosi tarehe 16 ilikuwa sikukuu ya kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila, karakana ilifungwa. Wiki ya tarehe 18 siku sita, jumla 11. Wiki ya tarehe 25 siku sita, jumla 17. Kuanzia 1 hadi 5 Februari siku tano, jumla 22. Jumamosi tarehe 6 Februari 2021 fundi aliitwa tena, na siku hiyo akavuka mstari bila yeye wala kampuni kujua. Kontra ya Machi ilikuja imechelewa zaidi ya wiki tatu: ilikuta kontra nyingine tayari iko mahali pake.

Mlango wa pili uko kwenye kifungu cha 41. Kontra ya muda hairudiwi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule, isipokuwa kwa kazi za msimu na nyingine chache ambazo sheria inaziweka pembeni. Hapa zilifuatana tatu. Hata tungesahau siku 22, ile karatasi ya Machi 2022 peke yake ingetosha.

Tunasisitiza milango yote miwili kwa sababu wa kwanza unategemea kuthibitisha siku za Januari na Februari, na siku hizo hazina karatasi. Wa pili unategemea karatasi ambazo kampuni imezitia sahihi.

Hesabu: nani alipata nini

Dola 700 ni franga 1,400,000. Tuzipitishe kwenye njia tatu.

Njia ya kwanza ni ile iliyotumika. 15% ya 1,400,000 ni 210,000. Mkononi 1,190,000.

Njia ya pili, mfanyakazi wa kawaida. CNSS inachukua 5% kwake: 70,000. Inabaki 1,330,000 ya kutozwa IPR. Franga 162,000 za kwanza ni kwa 3%: 4,860. Zinazobaki, 1,168,000, ni kwa 15%: 175,200. Jumla 180,060. Kila mtu anayemtegemea anapunguza kodi kwa 2%, mpaka watu tisa. Mke na watoto wanne ni 10%, yaani 18,006. IPR inakuwa 162,054. Mkononi 1,167,946. (Kama sehemu ya malipo ingeandikwa kuwa ni ya nyumba na usafiri, ndani ya mipaka ya sheria, kodi ingeshuka zaidi.)

Njia ya tatu, mfanyabiashara wa kweli. Kwa mwaka ni 16,800,000. Chini ya utaratibu wa biashara ndogo wa 2013, anayeingiza zaidi ya milioni 10 na chini ya milioni 80 kwa kazi za huduma alilipa 2% ya mapato yote: 336,000 kwa mwaka, yaani 28,000 kwa mwezi. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% haikumhusu, mlango wake ulikuwa kwenye milioni 80. Mkononi 1,372,000 kwa mwezi, lakini kabla ya kununua mashine, baketi na viatu vyake.

Sasa linganisha. Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili ni franga 22,054, dola 11 kwa mwezi. Hizo dola 11 ndizo fundi alizopewa badala ya CNSS, konje (likizo ya kulipwa), preavi na matibabu, ambayo kwa sheria mwajiri anadaiwa kumpa mfanyakazi wake pamoja na familia. Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu inachekesha kwa uchungu: kama kweli alikuwa mfanyabiashara, angelipa 336,000 kwa mwaka, na yeye alikatwa 2,520,000, mara saba na nusu.

Upande wa kampuni, mfanyakazi wa kawaida angeiongezea 13% ya CNSS: 5% ya pensheni, 6.5% ya familia na 1.5% ya hatari za kazini, jumla 182,000. INPP, ofisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ni 3% kwa kampuni ya watu wasiozidi 50: 42,000. Bado ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Kwa hiyo kila mwezi kampuni ilibakiza walau franga 224,000, dola 112, juu ya kichwa kimoja. Zidisha kwa masudere kumi.

Kampuni inajibu nini

Jibu la kwanza ni kile kifungu: "ulikubali mwenyewe kwamba hakuna uhusiano wa kazi." Sheria ya kazi haiwekwi pembeni kwa mapatano ya watu wawili. Hakimu anaangalia namna kazi ilivyofanyika. Kichwa cha karatasi hakimfungi.

La pili: "una NIF." Kweli, Machi 2021 waliomba alete NIF naye akaenda kuichukua. NIF ni nimero ya mlipa kodi, basi. Haimfanyi mtu mfanyabiashara. Lakini hapa kuna shimo ambalo wengi wanaanguka. DGI ikishakuwa na NIF yako kama mtu wa biashara, inangoja deklarasio (matangazo ya mapato) zako. Usipopeleka, inaweza kukukadiria kodi yenyewe bila kukusikiliza, kisha inaongeza faini. Wapo waliokatwa 15% kila mwezi na patroni wao, halafu wakaletewa karatasi ya kodi ya biashara juu ya fedha zilezile. Kama NIF yako ulichukua kwa kuambiwa na mwajiri, hifadhi vikaratasi vyote vinavyoonyesha IPR imekatwa. Ndiyo kinga yako siku hiyo.

La tatu: "alikuja na mashine yake." Alikuwa na mashine yake ndogo ya kukatia chuma, kwa sababu ya stoo ilikuwa inasumbua. Chombo kimoja kati ya ishirini hakigeuzi chochote. Kama angeleta posti (mashine) ya kuchomelea, jenereta na kijana wa kumsaidia, mazungumzo yangekuwa mengine.

La nne ni la wanasheria, nalo linawarudia wenyewe: "tulimpa sehemu ya kazi kwa sutretansi." Sutretansi ni kumpa biashara nyingine sehemu ya kazi yako. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka sutretansi iende kwa biashara, kwa maandishi, na mwenye kazi haruhusiwi kutoa zaidi ya 40% ya thamani ya kontra yake. Inakataza pia aliyepewa sutretansi kuipitisha kwa mwingine. Kampuni hii yenyewe ni sutretanti ya mgodi. Ikisema fundi ni mfanyabiashara aliyepokea sehemu ya kazi ya mgodi, imekiri kosa kubwa kuliko lile inalojitetea. Mara nyingi jibu hili linatajwa mara moja tu, halafu halirudiwi.

Anachoweza kudai

Siku moja ya kazi ni 1,400,000 gawanya kwa 26: franga 53,846.

Preavi kwa mtu aliyeondolewa na mwajiri ni siku 14 za kazi, na siku saba zaidi kwa kila mwaka uliotimia. Tangu Januari 2021 mpaka Agosti 2022 kuna mwaka mmoja uliotimia. Siku 21: franga 1,130,769.

Konje ni siku moja ya kazi kwa kila mwezi uliotimia kwa mtu mzima. Miezi 19: franga 1,023,077. Jumla ya viwili hivi ni 2,153,846, dola 1,077 hivi.

Saa za nyongeza ni eneo la ubishi. Wiki ya sheria ni saa 45, yeye alifanya 50. Saa tano hizo, kwa kuwa ziko ndani ya sita za kwanza, zinaongezewa 30%: karibu franga 200,000 kwa mwezi. Kampuni itasema zile 700 zilihesabu na Jumamosi ndani yake. Pointaji ndiyo itakayosema, na pointaji iko mikononi mwa kampuni. Tena madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku yalipopaswa kulipwa. Madai mengine mengi ya kontra ya kazi yanakaa miaka mitatu. Anayekaa akitafakari mpaka Krismasi anapoteza mwezi mmoja wa saa za nyongeza kila mwezi unaopita.

CNSS: 18% ya 1,400,000 ni 252,000, kwa miezi 18 ni 4,536,000. Fedha hii haiingii mfukoni mwake, inaingia kwenye akaunti yake ya bima. Kwa sababu hiyo watu wanaisahau, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Kuna pia fidia ya kuondolewa bila sababu halali. Sheria inataka kwanza mtu arudishwe kazini; isipowezekana, hakimu anaweka fidia isiyozidi miezi 36 ya mshahara wa mwisho. Isiyozidi. Mtu asiingie kwa enspekteri wa kazi akitaja 36 kana kwamba ni bei iliyobandikwa dukani.

Na ile IPR iliyokatwa kupita kiasi, 47,946 kila mwezi? Usiianzie. Kama ilifika DGI, kuirudisha ni safari ya kampuni na DGI. Kama haikufika, ni kesi nyingine kabisa. Itumie kama ushahidi, usiitegemee kama fedha.

Alivyopaswa kwenda

Kabla ya kusema neno lolote: kukusanya. Kontra zote tatu, vikaratasi vyote vya malipo, ujumbe wa simu wa kila malipo (piga picha ya skrini, maana simu inaibiwa), ujumbe wa WhatsApp wa shefu wa ekipe unaosema "kesho uje saa moja mapema", karatasi za ruhusa, badji, picha akiwa na ovaroli ndani ya karakana. Wenzake wawili waliokubali kusema. Risiti za zahanati za Julai.

Kisha barua kwa kampuni, nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Barua fupi: nilianza lini, nililipwa nini, naomba dekonti (hesabu ya malipo) ya mwisho, preavi, konje na kuandikishwa CNSS. Bila matusi na bila kutishia gazeti. Sheria inataka dekonti ya mwisho ilipwe ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuondoka. Kusema hivyo kwa barua kunatosha.

Ofisini wakikupa karatasi ya kutia sahihi ili upewe fedha kidogo, soma mstari wa mwisho. Ukiona maneno ya kumaliza hesabu yote, andika kwa mkono wako kando ya sahihi: "nimepokea kiasi hiki, haki zangu nyingine nazihifadhi." Wakikataa, usitie sahihi.

Baada ya hapo enspekteri wa kazi. Hatua hii hairukwi: mahakama haipokei ugomvi wa mtu mmoja na mwajiri wake kama haujapita kwanza kwenye usuluhishi wa enspekteri. Anaita pande zote mbili, anasikiliza, anaandika prose-verbali, karatasi ya kumbukumbu: wamepatana, hawajapatana, au mmoja hakufika. Karatasi hiyo, hata ikiwa ya kutopatana, ndiyo ufunguo wa Mahakama ya Kazi. Omba nakala siku hiyohiyo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumpeleka enspekteri hasira badala ya tarehe. Mtu anasema "walinitumikisha kama mnyama" kwa nusu saa, na hataji tarehe 6 Februari hata mara moja. Enspekteri ana mafaili mengine kumi kwenye foleni. Mpe ukurasa mmoja: tarehe, siku, hesabu, jumla. CNSS nayo ina njia yake. Unaweza kwenda kuwaeleza kwamba umefanya kazi karibu miezi 20 bila kuandikishwa, na wao wana watu wao wa kukagua kampuni. Safari hizo mbili zinakwenda pamoja, moja haingoji nyingine.

Mezani

Mbele ya enspekteri kampuni ilitoa dola 1,400 "kwa moyo mwema", kwa sharti moja: prose-verbali iandike kwamba fundi siku zote alikuwa prestatere. Fedha ilizidi preavi na konje kwa dola 323. Ndugu zake wa Katuba walimwambia achukue, mwaka wa shule unaanza.

Fedha haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye sharti: sentensi ile moja, ikiwa na sahihi yake na muhuri wa enspekteri, ingefuta miezi 18 ya CNSS, na kumwacha mbele ya DGI kama mfanyabiashara wa mwaka na nusu ambaye hakupeleka deklarasio hata moja. Dola 323 za kununua matatizo mawili.

Alijibu kwa kikaratasi cha Julai. Alikiweka mezani, akamwomba karani wa kampuni aeleze 26 ilitoka wapi. Walitoka nje kuongea, wakarudi. Mapatano yaliandikwa hivi: kontra ya kazi kuanzia tarehe 1 Machi 2021, preavi na konje kama zilivyohesabiwa, 2,153,846, kampuni itangaze na kulipa CNSS ya miezi 18, sehemu zote mbili, fundi anaacha saa za nyongeza na fidia. Konje ilihesabiwa kwa miezi 19 ingawa tarehe iliyoandikwa inatoa 18. Hakuna aliyegombana juu ya siku moja. Angeweza kwenda mahakamani kutafuta zaidi. Kwa mtu mwenye watoto wanne na bila akiba, hatuoni kwamba alikosea.

Kilichobaki ni kwenda CNSS mwenyewe na nimero yake, kuomba waangalie mwezi kwa mwezi, kwa sababu kampuni kutangaza ni kitu kimoja na fedha kuingia kwa jina lililoandikwa vizuri ni kingine. Herufi moja ya jina la baba ikikosewa, miezi inaangukia kwa mtu mwingine. Ikionekana 18, hesabu imetimia kama ilivyopatanwa. Januari na Februari 2021 hazimo. Za miezi hiyo miwili, maandishi pekee ni daftari la mlinzi wa geti, kama bado lipo.